Intarapti imesajiliwa, hesabu imebaki sifuri: kisa cha draiva ya edu

Moduli (draiva inayopakiwa ndani ya kerneli ya Linux, hapa ya kadi ya PCI iitwayo `edu`) inapakiwa bila kulalamika. `lsmod` inaionyesha, na `/proc/interrupts` ina mstari wenye jina `edu`. Ukiiambia kadi ipige hesabu, programu inasubiri sekunde nzima kisha inarudi na -110, yaani muda umekwisha. Hesabu ya intarapti (ishara ambazo kadi huipigia CPU ili ihudumiwe) kwenye ule mstari ni sifuri kwa kila CPU. Ukiwasha upya mashine kwa `pci=nomsi` kwenye mstari wa kerneli, kigezo kinachozima MSI (intarapti zinazotumwa kama ujumbe badala ya waya), kila kitu kinafanya kazi. Hapo wengi hufunga jalada: "MSI ya hiyo kadi ni mbovu", wanaacha `pci=nomsi` kwenye GRUB, programu inayowasha kerneli, na maisha yanaendelea.

MSI haikuwa mbovu. Draiva ilikuwa na makosa mawili yenye dalili moja, na ukirekebisha moja tu dalili haibadiliki hata kidogo. Hicho ndicho kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Kadi yenyewe na namna ya kurudia kisa

`edu` ni kifaa cha kufundishia kilichomo ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe. Haiuzwi dukani, hivyo mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kurudia kila kitu kilichoandikwa hapa. Kitambulisho chake cha PCI ni 1234:11e8. Ina BAR moja tu (dirisha la kumbukumbu ambalo CPU inalitumia kufikia rejista za kadi), BAR 0, yenye ukubwa wa MB 1, na rejista tunazohitaji ni hizi:

- 0x08: unaandika namba, kadi inakokotoa faktoriali yake na kuweka jibu hapohapo.
- 0x20: hali ya kadi. Bit 0x01 maana yake bado inakokotoa. Ukiwasha 0x80, itapiga intarapti ikimaliza.
- 0x24: hali ya intarapti, ya kusoma tu. Faktoriali ikimalizika, inasoma 0x1.
- 0x60: ukiandika chochote hapa, kadi inapiga intarapti yenye thamani hiyo. Inafaa sana kwa majaribio.
- 0x64: kukiri. Unaandika bit ulizozishughulikia, nazo zinafutwa kutoka 0x24.

Kadi inajua njia mbili za kupiga intarapti: INTx, ile laini ya zamani, na MSI yenye vekta moja, yaani namba moja ya intarapti. Isipoambiwa lolote inatumia INTx.

Amri ya kuwasha mashine pepe:

```
qemu-system-x86_64 -M pc -m 512 -smp 2 -nographic \
  -kernel bzImage -initrd initrd.img -append "console=ttyS0" \
  -netdev user,id=n0 -device e1000,netdev=n0,addr=3 \
  -device edu,addr=7
```

Nafasi 3 na 7 hazikuchaguliwa ovyo. Kwenye mashine ya aina ya `pc`, laini za INTx zinazungushwa kufuata namba ya nafasi, na zipo nne tu. Nafasi zinazopishana kwa nne zinaangukia laini moja. Kwa hiyo kadi ya mtandao na `edu` zinalazimika kugawana intarapti. Ukitaka `edu` iwe peke yake, ondoa kadi ya mtandao na uweke `-nic none`.

Draiva ilivyokuwa

Sehemu inayotuhusu ndani ya `probe`, fanksheni ambayo kerneli inaiita inapoikuta kadi:

```c
err = pci_enable_device(pdev);
if (err)
        return err;

/* ... kukodi na kuramani BAR 0, init_completion ... */

err = request_irq(pdev->irq, edu_isr, 0, "edu", edu);
if (err)
        goto err_unmap;

pci_enable_msi(pdev);
```

Hendla:

```c
static irqreturn_t edu_isr(int irq, void *data)
{
        struct edu *edu = data;

        writel(0x1, edu->bar + 0x64);
        complete(&edu->done);
        return IRQ_HANDLED;
}
```

Na ndani ya `remove`, inayoitwa moduli inapoondolewa:

```c
free_irq(pdev->irq, edu);
pci_disable_msi(pdev);
```

Mtu akiisoma haraka haraka haoni tatizo. Kila fanksheni inayotakiwa imeitwa, isipokuwa moja, na tutaifikia.

Kosa la kwanza: namba imebadilika baada ya kusajiliwa

`pdev->irq` haina thamani moja ya kudumu. Kabla ya MSI kuwashwa, inabeba namba ya laini ya INTx, tuseme 11. `pci_enable_msi()` ikifaulu, kerneli inaitengea kadi namba mpya kabisa, inaiandika juu ya ile ya zamani ndani ya `pdev->irq`, na inazima INTx ya kadi kwa kuwasha bit ya 10 kwenye rejista ya Command. Kwenye mashine yenye IO-APIC (chipu inayopokea laini za intarapti) moja ya pini 24, namba za 0 hadi 23 ni za pini hizo, hivyo MSI ya kwanza kwa kawaida inapata 24.

Sasa fuata mpangilio wa draiva. Hendla, ile fanksheni `edu_isr` inayoitwa intarapti ikija, imesajiliwa kwenye 11. Kisha MSI ikawashwa, kadi ikahamia 24. Kuanzia hapo kadi haitapiga tena laini ya 11, na kwenye 24 hakuna hendla. Kibaya zaidi, matokeo ya `pci_enable_msi()` hayakukaguliwa, kwa hiyo draiva haijui hata kama kuhama kumetokea. Na hii ndiyo siri ya `pci=nomsi`: kwa kigezo hicho `pci_enable_msi()` inashindwa kimyakimya, kadi inabaki kwenye 11, na hendla inakutana na intarapti zake.

Ushahidi unapatikana bila kugusa msimbo. Linganisha sehemu mbili:

```
# grep edu /proc/interrupts
 11:   0   0   IO-APIC  11-fasteoi   edu
# ls /sys/bus/pci/devices/0000:00:07.0/msi_irqs/
24
```

Ya kwanza inasema hendla iko wapi. Ya pili inasema kadi inapiga wapi. Namba hazilingani, na neno `IO-APIC` kwenye mstari wa kifaa chenye MSI iliyowashwa tayari ni jibu tosha. Ukaguzi huu unachukua sekunde chache na unafaa kufanywa kabla ya kitu kingine chochote kila draiva inapokaa kimya.

Kosa hilihili linauma tena wakati wa kuondoa moduli. `free_irq(pdev->irq, edu)` inatumia namba ya sasa, 24, ambayo haikuwahi kusajiliwa. Kerneli inatoa onyo:

```
Trying to free already-free IRQ 24
```

Onyo lenyewe si tatizo; tatizo ni kilichobaki nyuma yake. Hendla ya kwenye 11 haijaondolewa, lakini msimbo wake umeshafutwa kwenye kumbukumbu pamoja na moduli. Kama 11 inagawanwa na kifaa kingine, intarapti inayofuata ya kifaa hicho inaruka kwenda kwenye anwani isiyo na kitu na kerneli inaanguka. Hata `cat /proc/interrupts` peke yake inaweza kuiangusha, kwa sababu jina `"edu"` nalo lilikuwa ndani ya moduli.

Kosa la pili: kadi haina ruhusa ya kuandika

Tuseme umerekebisha mpangilio: `pci_enable_msi()` kwanza, `request_irq()` baadaye. Unapakia upya. Mstari kwenye `/proc/interrupts` sasa unasema `PCI-MSI`, namba ni 24, zinalingana. Hesabu bado ni sifuri. Hapa ndipo mtu anapoapa kwamba MSI ya QEMU ina kasoro.

Tazama `lspci`:

```
# lspci -d 1234:11e8 -vv
   Control: ... Mem+ BusMaster- ... DisINTx+
   ...
   Capabilities: [40] MSI: Enable+ Count=1/1 Maskable- 64bit+
```

Neno la kuangalia ni `BusMaster-`. MSI si waya. Ni kadi yenyewe kuandika thamani ndogo kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu. Kwenye x86 anwani hiyo iko eneo la 0xFEE00000. Kadi inayoanzisha maandishi kwenye basi la PCI lazima iwe na ruhusa, na ruhusa hiyo ni bit ya 2 ya rejista ya Command. Bila hiyo, ujumbe wa MSI hautoki. Hakuna kosa linaloandikwa kwenye logi, hakuna kinachorudishwa. INTx haihitaji ruhusa hii, na ndiyo maana draiva ilipokuwa kwenye laini ya zamani haikuonekana kupungukiwa na kitu.

`pci_enable_device()` haiwashi bit hiyo. `pci_enable_msi()` nayo haiiwashi. Inayoiwasha ni `pci_set_master()`, na ndiyo fanksheni iliyokosekana.

Mbona kosa hili halionekani kwenye draiva nyingi? Kwa sababu kadi nyingi hufanya DMA (kusoma na kuandika kumbukumbu zenyewe bila kupitia CPU), na DMA nayo inataka ruhusa ileile. Aliyeandika draiva aliiwasha kwa ajili ya DMA na MSI ikapata lifti. Kosa linajitokeza kwenye kadi zinazoendeshwa kwa rejista peke yake: kadi za rilei, za kuhesabu mapigo, za pini za kuingiza na kutoa ishara, au `edu` isipotumiwa upande wake wa DMA. Ukiwa na kadi ya namna hiyo, `pci_set_master()` iwe jambo la kwanza kulitafuta kwenye `probe`.

Dhana hii nayo inajaribiwa bila kukusanya upya msimbo:

```
# setpci -d 1234:11e8 COMMAND=4:4
```

Amri inawasha bit ya 2 tu na kuacha nyingine zilivyo. Iambie kadi ipige hesabu mpya. Ile intarapti iliyokwisha kupotea haitarudi, kwa hiyo usiisubiri. Hesabu ikisogea kutoka 0 kwenda 1, umeshapata jibu.

Ukianza na kosa la pili badala ya la kwanza hali ni ileile: ujumbe unatoka, unafika kwenye 24, haukuti hendla, na mstari wa 11 unabaki sifuri. Kila rekebisho likijaribiwa peke yake linaonekana halina maana, na mtu mwenye nidhamu ya kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ndiye anayepotea zaidi, maana anarudisha kila badiliko "lisilosaidia". Kinga ni kutoipima hatua kwa dalili ya mwisho pekee. Pima pia hali ya katikati: je, namba zinalingana? Je, `BusMaster` ina alama ya kujumlisha? Je, 0x24 inasoma nini muda unapokwisha? Hii ya mwisho iweke ndani ya draiva kabisa:

```c
if (!wait_for_completion_timeout(&edu->done, HZ)) {
        dev_err(&pdev->dev, "muda umekwisha, 0x24=%08x\n",
                readl(edu->bar + 0x24));
        return -ETIMEDOUT;
}
```

Ikisoma 0x1, kadi imefanya kazi yake na intarapti imepotelea njiani. Ikisoma 0, ama kadi haikuombwa kupiga intarapti (bit 0x80 ya rejista 0x20 imesahauliwa) ama kuna mtu ameshakiri.

Laini inayogawanwa

Kuna mashine ambako draiva ileile haikupakiwa kabisa:

```
genirq: Flags mismatch irq 11. 00000000 (edu) vs. 00000080 (eth0)
edu 0000:00:07.0: probe with driver edu failed with error -16
```

Namba ya laini inaweza kuwa 10 badala ya 11 kulingana na jinsi kerneli ilivyogawa. Ujumbe ni uleule. 0x80 ni `IRQF_SHARED`. Kadi ya mtandao ilisajili ikisema iko tayari kugawana, `edu` ikaja na bendera 0, yaani inataka laini peke yake, kerneli ikakataa kwa -EBUSY. Ukigeuza mpangilio, `edu` ipakiwe kwanza halafu mtandao uwashwe, anayekataliwa ni mtandao: `ip link set eth0 up` inashindwa, na hakuna atakayeishuku draiva ya faktoriali.

Dawa ya haraka ni kuongeza `IRQF_SHARED`. Inaondoa -16 na kuleta tatizo jipya, kwa sababu ya ile hendla. Itazame tena. Haiulizi kama intarapti ni ya kadi yake. Kwenye laini inayogawanwa, kila pakiti ya mtandao inaita hendla zote za laini hiyo, na hendla yetu kila ikiitwa inaita `complete()`. Completion (kile ambacho programu inakisubiri na hendla inakitimiza kwa `complete()`) ina kaunta ndani yake. Pakiti tatu zikipita kabla hujaomba hesabu, kaunta ina tatu. Unaandika 5 kwenye 0x08, unaita `wait_for_completion_timeout()`, inarudi papo hapo, unasoma 0x08. Kama kadi haijamaliza, unapata 5 badala ya 120, kwa kuwa rejista bado ina namba uliyoiandika. Mara nyingine kadi inawahi na unapata 120. Hitilafu ya namna hii, inayokuja na kuondoka kufuatana na wingi wa pakiti za mtandao, inaweza kumsumbua mtu wiki nzima.

Kinyume chake nacho kipo. Hendla isiyokiri kwenye 0x64 huku ikirudisha `IRQ_HANDLED` inaacha laini ya INTx ikiwa juu, na kwa vile laini hiyo inasomwa kwa kiwango chake cha umeme wala si kwa badiliko, kerneli inaita hendla tena na tena bila kikomo. CPU moja inamezwa. Ikirudisha `IRQ_NONE` badala yake, kerneli inahesabu. Katika kila intarapti 100,000, kama zaidi ya 99,900 hazikushughulikiwa na yeyote, inaandika `nobody cared` na kuizima laini nzima. Mtandao uliokuwa kwenye laini hiyo unakwenda nao.

Draiva baada ya matengenezo

Tangu Linux 4.8 ya mwaka 2016 kuna fanksheni moja inayobeba aina zote za intarapti za PCI, `pci_alloc_irq_vectors()`. Inajaribu MSI-X (aina ya MSI yenye vekta nyingi zaidi), ikishindwa MSI, ikishindwa INTx, kwa kufuata bendera ulizoipa. Faida yake kubwa hapa ni kwamba inatenganisha kutenga na kuuliza namba: huwezi kupata namba kabla ya kutenga, na namba unaiuliza kwa `pci_irq_vector()` badala ya kuichota kwenye `pdev->irq`.

```c
pci_set_master(pdev);

/* futa mabaki ya aliyetangulia */
writel(0, edu->bar + 0x20);
writel(readl(edu->bar + 0x24), edu->bar + 0x64);

nvec = pci_alloc_irq_vectors(pdev, 1, 1,
                             PCI_IRQ_MSI | PCI_IRQ_INTX);
if (nvec < 0) {
        err = nvec;
        goto err_unmap;
}

edu->irq = pci_irq_vector(pdev, 0);
err = request_irq(edu->irq, edu_isr, IRQF_SHARED, "edu", edu);
if (err)
        goto err_vectors;
```

`IRQF_SHARED` imeachwa iwepo muda wote. Kwa MSI haidhuru, na kwa INTx ni ya lazima. Kuandika sharti la kuitofautisha kunaongeza mistari bila faida. Masharti yake ni mawili: hoja ya mwisho ya `request_irq()` isiwe NULL, na hendla iwe tayari kuitwa wakati wowote kuanzia hapo, hata kabla `request_irq()` haijarudi. Kwa hiyo BAR iwe imeramaniwa na `init_completion()` iwe imeitwa mapema. Kerneli iliyojengwa kwa `CONFIG_DEBUG_SHIRQ` inaita hendla ya laini inayogawanwa makusudi wakati `free_irq()` inapoiondoa. Washa chaguo hilo kwenye mashine ya majaribio, linafichua uzembe wa namna hii upande wa kuondoa.

Hendla:

```c
static irqreturn_t edu_isr(int irq, void *data)
{
        struct edu *edu = data;
        u32 st = readl(edu->bar + 0x24);

        if (!st || st == ~0u)
                return IRQ_NONE;

        writel(st, edu->bar + 0x64);
        if (st & 0x1)
                complete(&edu->done);
        return IRQ_HANDLED;
}
```

Thamani yenye bit zote moja ndiyo inayosomwa kadi ikiwa haijibu tena kwenye basi, kwa mfano imechomolewa. Kukiri kunafanyika hata chini ya MSI, maana `edu` inataka hivyo. Kwenye kadi halisi, `writel()` inaweza kuchelewa njiani na laini ya INTx ikabaki juu kidogo baada ya hendla kurudi. Hendla itaitwa mara moja zaidi, itasoma 0, itarudisha `IRQ_NONE`, na mambo yataisha hapo. Kama hizo za ziada zinakuwa nyingi, soma rejista yoyote ya kadi baada ya kuandika, ili maandishi yalazimike kufika kwanza.

Kila ombi jipya la hesabu litanguliwe na `reinit_completion(&edu->done)`, la sivyo ombi lililoisha muda na kujibiwa kwa kuchelewa litaacha moja kwenye kaunta na kulidanganya ombi linalofuata.

Kuondoa:

```c
writel(0, edu->bar + 0x20);
free_irq(edu->irq, edu);
pci_free_irq_vectors(pdev);
pci_iounmap(pdev, edu->bar);
pci_release_regions(pdev);
pci_disable_device(pdev);
```

Mpangilio huu haubadilishwi. `pci_free_irq_vectors()` ikitangulia `free_irq()`, kerneli za zamani zilikuwa zinasimama kabisa kwa BUG. Kuna mtego hapa kwa wanaopenda fanksheni za `devm_`, zinazojisafisha zenyewe: ukisajili kwa `devm_request_irq()` kisha ukaita `pci_free_irq_vectors()` kwa mkono ndani ya `remove`, umegeuza mpangilio bila kujua, kwa sababu `devm_` inaachia hendla baada ya `remove` kurudi. Chagua njia moja. Ama vyote kwa mkono, ama `pcim_enable_device()` pamoja na `devm_request_irq()` na kutoita `pci_free_irq_vectors()` kabisa.

Kuthibitisha

Mashine tatu zinatosha. Ya kwanza ina `-nic none`, MSI ikiwa wazi:

```
 24:   1   0   PCI-MSI 114688-edge   edu
```

114688 si takataka: ni nafasi 7 mara 8, ikizidishwa kwa 2048. Kerneli mpya zaidi zinaandika anwani ya kadi badala ya namba hiyo. Kila ombi la hesabu linasogeza kaunta kwa moja kamili, si zaidi.

Ya pili ina `pci=nomsi` na kadi ya mtandao kwenye nafasi 3. Mstari mmoja unabeba majina mawili, `eth0` na `edu`. Weka pakiti zipite mfululizo, kisha omba 5 mara elfu kadhaa. Jibu lolote lisilo 120 ni kosa la hendla. Usijaribu kwa 13 na kuendelea: rejista ina bit 32, na faktoriali ya 12, yaani 479001600, ndiyo ya mwisho inayotosha.

Ya tatu ni mzunguko wa kupakia na kuondoa moduli huku mtandao ukifanya kazi, ukifuatiwa na `cat /proc/interrupts` kila baada ya `rmmod`. Jina `edu` lisionekane. Likionekana, kuna njia ya makosa ndani ya `probe` inayoruka `free_irq()`.

Kadi yenye vekta nyingi

`edu` ina vekta moja, na mambo mengi yanajificha hapo. Ukiupeleka mpangilio huu kwenye kadi yenye, tuseme, foleni nane na vekta moja ya usimamizi, hoja mbili za `pci_alloc_irq_vectors()` zinaanza kuwa na uzito: kiwango cha chini na cha juu. Ukiandika 9 na 9, utapata -28 (-ENOSPC) kwenye kila mashine isiyoweza kutoa zote tisa. Ukiandika 1 na 9, utapata idadi fulani kati ya hizo, na ni wajibu wa draiva kupanga foleni juu ya vekta zilizopatikana. Draiva nyingi huandika 1 na 9 kisha zinaendelea kana kwamba zimepewa 9, zikiita `pci_irq_vector()` kwa namba ambazo hazipo na kupata -EINVAL ambayo hakuna anayeikagua.

INTx inajaribiwa tu kama kiwango cha chini ni 1. Ukiweka 2 pamoja na `PCI_IRQ_INTX`, bendera hiyo haina kazi.

MSI ya kawaida inafika vekta 32 kwa vipeo vya mbili, na kwenye x86 isiyo na kifaa cha kuelekeza upya intarapti kilichowashwa, kerneli inatoa moja tu hata kadi ikiomba nane. MSI-X inafika 2048 kwa kadi moja, lakini CPU ya x86 ina vekta 256, na 32 za mwanzo ni za hitilafu za CPU yenyewe. Kwenye seva yenye kadi nyingi za mtandao na diski za NVMe, hesabu hiyo inakwisha mapema kuliko mtu anavyotarajia.

Ukiongeza `PCI_IRQ_AFFINITY`, kerneli inazigawa vekta kwa CPU yenyewe na mtumiaji hawezi tena kuzihamisha kupitia `smp_affinity`. Jaribio lake linarudi na kosa la kuingiza na kutoa. Kwa vekta ya usimamizi isiyohitaji kugawanywa, tumia `pci_alloc_irq_vectors_affinity()` na uweke `pre_vectors` kuwa 1.

Kama msimbo unatakiwa kukusanywa pia kwenye kerneli za nyuma, `PCI_IRQ_INTX` huko inaitwa `PCI_IRQ_LEGACY`. Mstari mmoja unatosha:

```c
#ifndef PCI_IRQ_INTX
#define PCI_IRQ_INTX PCI_IRQ_LEGACY
#endif
```